Aliyeosha Vyombo vya Mama Ngojeni

Mama Ngojeni, tunayemsindikiza leo, alizaliwa alfajiri ya tarehe 3 Agosti 1952, mtoto wa pili wa mshona viatu na mkewe muuza maziwa. Alizaliwa wiki mbili kabla ya siku iliyotarajiwa. Mama yake mzazi alizoea kusema kwamba hiyo ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kwa binti huyo kuwahi mahali popote.

Jina la Ngojeni hakupewa na wazazi. Alijipatia mwenyewe, na lilianzia mezani. Akiwa mdogo, akiletewa supu hali. Anaitazama. Matone ya mafuta yanaelea juu, yanasogeleana, yanagusana, mawili yanakuwa moja, na yeye ameinama hadi pua inakaribia kulowa. Mama yake anamwambia, "Wewe mtoto, kula, inapoa." Naye anajibu, "Ngoja kidogo, mama, yanaungana." Supu ilipoa karibu kila siku ya utoto wake. Mdogo wake wa mwisho, anayesoma wasifu huu, alinufaika sana na jambo hilo, maana ile supu iliyopoa lazima mtu aimalize.

Alianza shule ya msingi Januari 1960, ile shule ya ng'ambo ya reli yenye madawati ya watoto wanne wanne. Hakuwa wa kwanza darasani. Walimu walisema ana akili ila yuko mbali, na ni kweli alikuwa mbali. Kwenye sekondari ya wasichana alikutana na mwalimu wa kemia aliyemruhusu kubaki maabara baada ya vipindi, na huko mbali alikokuwa kukapata jina. Mwaka 1973 aliingia chuo kikuu, akasoma kemia, kisha akapelekwa nje ya nchi kwa masomo ya juu. Alirudi mwaka 1978 akiwa na shahada yake na sanduku moja. Ndugu walidhani sanduku lina zawadi. Lilikuwa na vyombo vya kioo vya maabara, kila kimoja kimeviringishwa kwenye sweta. Ndugu wakagawana masweta.

Kuhusu kazi yake, tuseme ukweli, wengi wenu mlimwuliza anafanya nini, akawaeleza kwa moyo wote, mkatoka mnatikisa vichwa huku hamjaelewa hata chembe. Basi tueleze leo polepole, kwa sababu mwenyewe alitaka ieleweke.

Ndani ya mwili, kila kijumba kidogo kilicho hai kimefunikwa na utando wa mafuta mwembamba mno. Mafuta hayapitishi umeme. Lakini uhai wenyewe unategemea chembe za umeme, zinazoitwa elektroni, zihamishwe humo humo kutoka mahali pamoja hadi pengine. Sasa zinavukaje? Zinabebwa. Kuna molekuli inaitwa kwinoni. Ina kichwa kinachoshika elektroni na mkia mrefu unaopenda mafuta, na inaogelea ndani ya utando. Inapokea elektroni upande huu na kuchota hidrojeni kwenye maji papo hapo, inavuka, inashusha vyote upande wa pili, inarudi kuchukua mzigo mwingine. Iko kwenye majani ya mti ule pale nje. Iko kwenye moyo wa kila aliyeketi hapa, inavuka na kurudi wakati huu tunaposema. Mama Ngojeni alikuwa akiisimulia kwa sauti ya chini, macho ameyafumba nusu, na hata usipomwelewa ulijisikia kama mtu anayepelekwa kulala.

Yeye alitaka kuiona ikivuka. Kwa kuwa mwili una mambo mengi, aliutengeneza utando wake mwenyewe. Alichukua kipande cha dhahabu kidogo kuliko kifungo cha shati, akakiunga na waya, akadondoshea mafuta ndani ya maji, akasubiri mafuta yale yatandazike yenyewe juu ya dhahabu hadi yabaki unene wa molekuli mbili tu. Juu yake yalikuwepo maji yenye chumvi fulani ya njano. Chumvi hiyo inazitamani elektroni zilizo kwenye dhahabu, ila haiwezi kupenya mafuta. Kwa hiyo utando ukiwa mzima na kwinoni haimo, mkondo haupiti. Ukiweka kwinoni, mkondo unapita, na hapo unajua mchukuzi kafanya kazi. Wakati utando unajitandaza hakutaka mtu aongee, wala aburute kiti. Mgeni akiingia, yeye hainui kichwa, ananyoosha tu kiganja. "Ngojeni. Unajilaza." Jina likamganda hapo, akazeeka nalo.

Mumewe alimpata kupitia soketi. Ilikuwa mwaka 1979, soketi ya maabara iliungua, akaletwa fundi umeme, kijana mrefu mwenye mkanda wa vifaa kiunoni. Alipomaliza akauliza ile dhahabu ni ya nini, akaelezwa, akacheka.

"Dada, umeme unapita kwenye waya. Mafuta hayapitishi."

"Najua hayapitishi. Ndiyo maana nipo hapa."

"Sasa unapitaje?"

"Unabebwa. Kaa kwenye kigoda hicho nikuonyeshe. Usiguse meza, na ungoje."

Fundi alikaa. Chakula chake cha mchana kilipoa ndani ya mkoba. Siku ile hakuona kitu, utando ulipasuka, lakini kesho yake alirudi kuangalia kama soketi imetulia, na keshokutwa pia, na ile soketi ikawa soketi iliyokaguliwa kuliko zote mjini. Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1981, wakajaliwa binti na mwana. Walipendana kwa namna ya kutaniana. Fundi alimtambulisha kwa watu kama mke wake anayepitisha umeme kwenye samli.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo Mama Ngojeni alikataza lisiandikwe. Limeandikwa. Sababu mtaisikia, tunaomba mvumilie kama alivyotufundisha.

Jumamosi ya tarehe 11 Aprili 1987 palikuwa na harusi ya binamu yake Fundi. Fundi alifika maabara amevaa suti kumchukua mkewe, na mkewe, kama kawaida, hakuwa tayari. Alikimbilia chumba cha pili kubadili nguo. Kwenye sinki palikuwa na vyombo vyake vya kioo vimerundikana. Fundi akaona anaweza kuokoa muda. Akaenda kwenye jiko dogo la ofisi wanakochemshia chai, akachukua sabuni ya maji, akakunja mikono ya shati, akavisugua vile vyombo vikang'aa, akavisuuza, akavipanga kwenye rafu. Mume yeyote mwema angefanya hivyo. Ila vyombo vile huoshwa kwa tindikali kali na maji safi mara nyingi, na sabuni haitakiwi hata kuvikaribia, kwa sababu kazi ya sabuni ni kutoboa na kuvunja mafuta, na utando wake ulikuwa mafuta matupu.

Mama Ngojeni alitoka amependeza, akavikuta vimepangwa, akadhani alikuwa amekwisha kuviosha mwenyewe akasahau. Kwa mtu aliyeishi mbali kama yeye lilikuwa jambo la kawaida. Wakaenda harusini. Alikumbuka baadaye kwamba walipocheza, mikono ya shati la mumewe ilikuwa imelowa na inanukia ndimu.

Wiki iliyofuata aliweka kwinoni kwenye utando, na mkondo ukapita kwa wingi ambao hakuwahi kuuona. Utando usio na kwinoni alikuwa amekwisha kuupima kabla ya harusi, haukupitisha kitu, kwa hiyo hakuwa na shaka. Akaandika makala. Ikachapishwa, ikasifiwa, barua zikaja, na wakubwa wakaamua kwamba maabara mpya ikikamilika, yeye ndiye atakayeiongoza. Nyumbani palikuwa na kicheko kwa miezi. Fundi alisema samli imekubali.

Mwezi Oktoba alirudia kipimo cha utando mtupu, kwa uangalifu wake tu, kwa vyombo vya rundo lile vilivyobaki rafuni bila kuguswa tangu harusi. Mkondo ukapita. Akarudia, ukapita tena. Alimwambia mdogo wake miaka mingi baadaye kwamba alibaki anatazama ile sindano ya kipima mkondo, mchukuzi hayupo na mzigo umefika. Akamimina maji safi kwenye chombo, akatikisa. Vikatokea viputo shingoni mwa chombo, vikakaa, havikutaka kupasuka. Akanusa. Akakumbuka shati.

Hakumwambia mumewe. Aliumia, tusifiche, alilia kwa mdogo wake hadi sauti ikakauka. Lakini alisema, "Yule aliinama kwenye sinki na suti yake ili mimi nisichelewe. Sasa nimwambie nini?"

Tarehe 18 Novemba 1987 alisimama mbele ya wenzake katika ukumbi wa chuo na kuifuta makala yake mwenyewe, hadharani, kabla mtu mwingine hajagundua kosa. Alieleza matobo kwenye utando. Alieleza sabuni. Mkuu wa idara akamwuliza, "Nani aliviosha?"

"Vyombo ni vyangu."

"Hatuulizi ni vya nani."

Akasema, "Aliyeosha alitaka kusaidia. Tuendelee."

Watu wakacheka. Maabara mpya akapewa mwingine. Yeye akahamishiwa chumba cha chini ya ngazi kilichokuwa kikiwekewa mafagio. Na maneno yakaanza, yakadumu hadi anastaafu, kwamba Mama Ngojeni alipika majibu, na alipobanwa akazua mtu wa kuosha vyombo ambaye hayupo. Wengine waliosema hayo wako hapa leo. Karibuni sana, viti vipo.

Siku ile ya ukumbini mvua ilinyesha kubwa. Alifika nyumbani amelowa chapachapa, akamkuta mumewe sebuleni naye amelowa chapachapa, na mwavuli umefungwa mkononi mwake, mkavu kwa ndani. Akamwuliza, "Una mwavuli na umelowa?" Fundi akasema, "Nilisahau kuufungua." Mkewe alicheka, akalia, akacheka. Kisa hicho alikisimulia miaka yote kwenye kila sherehe, cha mwanaume mwenye mwavuli aliyelowa kama samaki, na Fundi alikaa pale pale akitabasamu, hakuongeza neno.

Chini ya ngazi ndiko alikofanya kazi yake ya kweli. Mkondo wa utando mzima ni mdogo mno, na watu wakipanda ngazi, taa ikiwashwa, redio ikiguna jirani, vipimo vinavurugika. Fundi akamtengenezea kizimba cha nyavu za chuma, kimeungwa na ardhi, cha kuweka vyombo ndani yake ili vurugu za umeme wa nje zisiingie. Watoto walikiita banda la kuku. Alikiunda kwa uangalifu wa ajabu, kila kiungo kikilehemiwa mara mbili, ila jambo moja tuliliona bila kulielewa. Vyombo vyenyewe hakuvigusa. Akiwa chumbani humo alikaa na mikono nyuma, kwenye kigoda chake, anangoja pamoja na mkewe.

Ilikuwa tarehe 6 Juni 1996, asubuhi, ndani ya kizimba hicho. Utando mtupu haukupitisha kitu. Ule wenye kwinoni ulipitisha mkondo mdogo, mtulivu, na ukiongeza wachukuzi unaongezeka, ukiwapunguza unapungua. Akaurudia hadi akaridhika. Alikuwa peke yake chini ya ngazi, viatu vya wanafunzi vinapita juu ya kichwa chake, na alisema hajawahi kuwa na utulivu wa namna ile maishani. Aliona kama yumo mle ndani ya mafuta, anaogelea na kila mmoja wao, anavuka, anashusha mzigo, anarudi. Kisha akampigia Fundi simu kwenye eneo la ujenzi.

"Umevuka."

"Umevuka kweli?"

"Kidogo tu. Lakini umebebwa."

Mafundi wenzake walitueleza kwamba aliweka koleo chini, akakaa kwenye gunia la saruji, akaufunika uso. Walidhani amefiwa.

Makala ile ya pili ilichapishwa bila kelele, na inasomwa hadi leo na watu wa mbali wasiojua ngazi wala mafagio. Alistaafu mwaka 2012. Akakaa nyumbani, akarudi kwenye supu yake, anaitazama, inapoa. Nyumbani walikuwa na utani mmoja mkubwa, kikombe chake. Fundi ndiye aliyekuwa akikiosha, na kwa maji moto tu. Kilikuwa cheusi kwa ndani kama sufuria ya kambini. Binti yao, muuguzi, alikuwa akikiona anashika kichwa.

Mama Ngojeni mwenyewe alilalamika. "Fundi, kikombe hiki kinanuka chai ya jana."

"Chai ya jana ndiyo inayoikaribisha ya leo."

"Wewe ni mvivu tu."

"Ni mvivu, ndiyo. Kunywa."

Mwezi Septemba 2021 alianza kuchoka akipanda ngazi. Madaktari walisema moyo umedhoofika. Yeye alilichukua kwa utulivu wake, akamweleza daktari habari za kwinoni ya moyoni, na daktari akachelewa kwa mgonjwa aliyefuata. Kitanda chake kikawekwa karibu na dirisha. Alilala mchana, na akiamka alisimulia ndoto za maji yenye rangi ya njano na kitu kinachopita chini yake taratibu. Siku moja, Fundi akiwa dukani, alimshika mdogo wake mkono.

"Utaandika wasifu wangu wewe. Habari ya sabuni usiiweke."

"Dada, watu wanasema ulizua mtu. Nitawaachaje?"

"Waache. Fundi hajui. Akijua ataumia, na mimi sitakuwepo kumwambia si kitu."

Mdogo wake aliahidi, kwa shingo upande.

Alituacha tarehe 9 Mei 2023, saa nne asubuhi. Fundi alikuwa amemletea chai ya maziwa katika kikombe kile kile. Ilikuwa imeanza kutuama na kufanya utando juu, na Fundi akachukua kijiko autoe, maana ndivyo watu hufanya. Mama Ngojeni akanyoosha kiganja. "Ngoja," akasema. "Unajilaza." Fundi akangoja. Waliutazama pamoja. Kijiko kilikuwa bado mkononi mwake alipotambua kwamba anautazama peke yake.

Wasifu huu uliandikwa mara ya kwanza bila sabuni, kama marehemu alivyotaka. Juzi nyumba ilikuwa imejaa watu wa kufariji, na jirani mmoja mwema aliingia jikoni akaosha vyombo vyote. Akakikuta kikombe cha marehemu. Akakisugua kwa sabuni na majivu mpaka kikawa cheupe. Jirani huyo yuko hapa na hatutamtaja, na asijisikie vibaya, mtaona sasa hivi kwa nini. Binti wa marehemu alipokiona kwenye rafu kinang'aa alipiga yowe, na tukajua baba yake akikiona atavunjika. Tulitaka kukificha. Tulichelewa. Fundi alikuwa amesimama mlangoni.

Alikichukua, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akachungulia ndani. Halafu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Aliyeosha alitaka kusaidia. Tuendelee."

Maneno hayo yalisemwa mara moja tu, ukumbini, tarehe 18 Novemba 1987, na siku hiyo sote tulijua Fundi alikuwa kazini.

"Shemeji," mdogo wa marehemu alimwuliza, "hayo umeyasikia wapi?"

"Mlangoni," Fundi akasema. "Mvua ilikuwa inanyesha, nikaona nimpelekee mwavuli."

Alikuwa amefika mlango wa ukumbi wakati mkuu wa idara anauliza nani aliosha. Alisikia jibu. Alisikia kicheko. Alitaka kuingia aseme ni mimi, lakini mkewe alikuwa amekwisha kumfunika mbele ya watu wote, na kuingia kungekuwa kuvua alichomvika. Akageuka, akarudi nyumbani kwa miguu kwenye mvua, mwavuli mkononi. Tangu siku hiyo hakuwahi tena kutia sabuni kwenye chombo chochote cha mke wake, hata kikombe cha chai. Akaitwa mvivu miaka yote hiyo, akakubali.

"Yeye aliona sijui," alisema. "Ningemwambia najua, angekosa raha. Sasa andika, shemeji."

"Dada alinikataza."

"Alikukataza kwa ajili yangu. Mimi ndiye ninayekuomba. Wamesema yule mtu hayupo. Andika kwamba yupo, na atakuwa amekaa mbele kabisa."

Basi imeandikwa.

Mama Ngojeni ameacha binti yake muuguzi na mwanawe mwalimu, mkwe mmoja, wajukuu watatu, mdogo wake mmoja, kizimba cha nyavu kinachotumika hadi leo chini ya ngazi zile, na mume wake, Fundi, ambaye ndiye aliyeosha vyombo.

Dada, hakuna anayekuharakisha tena. Umeme umevuka, na jina lako limevuka nao. Pumzika kwa amani. Sisi tutangoja.